Maua ya kijani ndani ya parseli: gladiola, ndugu wa irisi, inalimwa namna gani

Watu wenye kutafuta irisi ya maua ya kijani mara nyingi wameiona kwenye picha ya simu. Irisi yenyewe ni mmea wa upande wa kaskazini wa dunia. Aina zake karibu 300 zinatoka Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini na pwani ya kaskazini ya Afrika, na nyingi zinahitaji miezi ya baridi kali ndipo zitoe maua. Ile yenye kijani cha kweli, Iris tuberosa, iko ya pwani za Mediterania: ua lake ni kijani cha kuelekea manjano, na ncha nyeusi kama veluti. Hapa Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, baridi ya namna ile haipo. Ukiinunua kwa dola zako, kuna hatari kubwa ubaki na majani tu.

Lakini ndani ya jamaa ya irisi kuna ndugu mwenye kwao ni hapa kwetu: gladiola, ile wauza maua wanaiita glaïeul. Gladiola ya porini, Gladiolus dalenii, inaota kwenye nyasi za milima ya Afrika tangu Senegali mpaka Ethiopia na Afrika Kusini, Kongo ikiwa katikati. Maua yake ni ya rangi ya chungwa, nyekundu, manjano, na mara nyingine kijani chenye madoa ya kahawia. Ndege chozi ndiye anapitisha chavua yake. Upande wa Katanga kuna watu wanaochemsha na kuloweka viazi vyake ili wale. (Usijaribu hivyo na vile vya dukani: mara nyingi vimetiwa dawa.)

Katika karne ya 19 gladiola hiyo ilipelekwa Ulaya. Bedinghaus, mtunza bustani wa Enghien huko Ubelgiji, aliichanganya na ndugu yake wa Afrika Kusini, na mwaka 1841 mfanyabiashara Louis van Houtte akaanza kuuza watoto wake. Gladiola nyingi kubwa za leo zinatoka katika ukoo huo. Kwa hiyo tunaponunua boksi la viazi kutoka ng'ambo, tunanunua mjukuu wa mmea wetu. Moja ya zile za kijani inayojulikana sana inaitwa Green Star.

Kijani cha ua kinatoka wapi? Ni rangi ile ile ya majani. Kila ua likiwa bado limefungwa liko na kijani hicho. Maua mengi yanakiharibu yanapofunguka, haya yanakibakiza. Jua kali na siku zikipita, kijani kinageuka manjano. Gladiola inataka jua, saa 6 kwa siku hivi, lakini ile ya kijani ipewe jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana.

Udongo wenye kushika maji ndio unaoua viazi vingi kuliko kitu kingine. Kwenye udongo wetu mzito, inua tuta, changanya mboji iliyooza vizuri. Mbolea mbichi ya ng'ombe, hapana, inaozesha. Fukia kiazi sentimita 10 hadi 15, ncha ikitazama juu, na uache nafasi kama hiyo kati ya kimoja na kingine. Kukizika kwa kina kunasaidia bua lisianguke na upepo. Kutoka kupanda mpaka ua ni siku 70 hadi 100 kufuatana na aina, na kule juu kwenye baridi inachelewa. Mwenye kupanda katikati ya Septemba, mvua ikishika, anaweza kukata karibu na Noeli, wakati wa ndoa nyingi. Lakini usipande vyote siku moja. Gawanya, kila wiki mbili panda fungu moja, la sivyo yote yatafunguka pamoja na utauza kwa bei ya kutupa.

Sasa tuje kwenye jambo lenye kuwapotezea wamama pesa. Mteja anataka bua refu, basi linakatwa chini kabisa pamoja na majani. Kiazi ulichopanda kinakufa mwaka huo huo. Kipya kinajengwa juu yake, na chakula chake kinatoka kwa majani. Ukikata yote, kiazi kipya kinabaki kama karanga, na Septemba unarudi kununua tena. Acha majani 4, hata kama mteja ananung'unika. Kata asubuhi, ua la chini moja au mawili yakianza kuonyesha rangi. Mengine yatafunguka ndani ya ndoo.

Wiki 6 hadi 8 baada ya kukata, majani yakigeuka manjano, chimbua. Vua kiazi cha zamani na ukitupe, kausha kipya kivulini, ukitunze ndani ya kikapu chenye kupitisha hewa mpaka mvua irudi. Kiangazi chetu cha Juni mpaka Agosti kinafaa kabisa, sababu kiazi kinahitaji kupumzika miezi 2 au 3. Ukikirudisha udongoni mara moja, hakioti. Vile vitoto vidogo vilivyoshika chini usivitupe. Vipande pembeni, na baada ya misimu 2 au 3 vitatoa maua ya rangi ile ile ya mama.

Majani yakiwa na michirizi ya fedha, huo ni mdudu mdogo anayeitwa tripsi, na anaingia mpaka ndani ya kikapu. Mmea ukigeuka manjano mapema na kiazi kikioza kahawia, ng'oa uchome, na usirudishe gladiola hapo kabla ya miaka 3 au 4. Madoa ya chungwa yanayokata jani kwa upana ni kutu ya gladiola, ugonjwa wa Afrika hii hii ambao wakaguzi wa Ulaya na Marekani wanauogopa sana mipakani. Toa majani hayo kungali na ukavu, yachome, na umwambie jirani atazame yake, maana vumbi lake linabebwa na upepo.