Bendera Haikuchorwa Mara Moja

Ndugu msomaji, safari moja nilipofika Msangano, kule Momba, niliwakuta wakulima wa mpunga wakibishana chini ya mwembe. Fundi wa kuandika mabango kutoka Tunduma alikuwa amewaletea nembo ya kikundi chao kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alichora suke la kijani. Wakamwambia mpunga wa kijani haujakomaa, nani ataununua? Mara ya pili akalipaka njano juu ya nyeupe, likawa halionekani kwa mbali. Safari hii aliliweka njano juu ya bluu, na mzee mmoja akauliza, "Bluu ya nini? Kwani sisi ni wavuvi?" Fundi akajibu taratibu, "Mzee wangu, huo ni Mto Momba. Bila maji mpunga utatoka wapi?"

Nilicheka, lakini nikaikumbuka bendera yetu. Wengi tunaiona kama kitu kilichokuwapo tangu zamani. La hasha! Nayo ilirekebishwa, rangi kwa rangi, kila alipoingia mwenye mali mpya.

Chama cha TANU kilikuwa na bendera ya kijani juu na chini, nyeusi katikati. Uhuru ulipokaribia, bendera hiyo ya chama ikafanywa msingi wa bendera ya nchi. Hata hivyo haikuchukuliwa vilevile. Iliongezwa milia myembamba ya njano kati ya kijani na nyeusi, na hiyo ndiyo iliyopandishwa Desemba 9, 1961. Milia miwili tu, lakini ndiyo iliyotofautisha bendera ya chama na bendera ya taifa.

Upande wa pili wa bahari mambo yalikwenda mbio zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar ilipandisha kwanza bendera ya rangi nyeusi, njano na bluu. Kabla mwezi haujaisha, njano ikatoka na kijani ikaingia. Ikawa bluu, nyeusi na kijani, zile rangi za Afro-Shirazi.

Aprili 26, 1964 nchi mbili zikaungana. Sasa fikiria kazi ya mchoraji mwenye wateja wawili, kila mmoja na bendera anayoipenda. Nyeusi na kijani zilikuwa za wote, hapo hapakuwa na ugomvi. Njano ilikuwa ya Tanganyika, bluu ya Zanzibar. Ukiifuta mojawapo, umemfuta mtu. Na ukiipanga milia kwa kulala, kama ilivyokuwa katika bendera zote mbili, yupo atakayekuwa juu na yupo atakayekuwa chini.

Jibu lililopatikana ni la busara. Mstari mweusi, rangi ya watu, ukapitishwa mshazari kutoka pembe ya chini ya mlingoti, na njano ikaupakata pande zote mbili. Kijani cha ardhi kikabaki upande wa mlingoti, bluu ya maji ikapewa upande wa pili. Hakuna aliyepata bendera yake ya zamani kamili, na hakuna aliyekosa rangi yake. Ilianza kutumika Juni 30, 1964.

Usidhani kazi ya namna hii huisha. Zanzibar ilirudisha milia yake ya bluu, nyeusi na kijani mwaka 2005, safari hii bendera ya Muungano ikiwa pembeni juu. Na ukisimama Tunduma ukatazama ng'ambo ya mpaka, utaona bendera ya Zambia, iliyopandishwa mara ya kwanza Oktoba 24, 1964. Kijani chake cha leo si kile cha mwanzo. Kiling'arishwa mwaka 1996, na tai wake akachorwa upya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimsikia mtu anasema wanaobishania rangi wanapoteza muda, mwulize kwanza rangi yake ni ipi. Mara nyingi utakuta yake imo tayari.

Kule Msangano yule mzee aliitazama nembo kwa muda, akasema, "Haya, mto ubaki. Lakini jembe liko wapi?" Fundi akakunja karatasi yake, akaahidi kurudi mara ya nne.

Tukutane tena wiki ijayo.