Protini za Majimaji ya Folikoli: Ng'ombe na Nyati wa Kufugwa

Majimaji ya folikoli ya ovari yana asili mbili: plazma ya damu inayochujwa kupitia ukuta wa folikoli, na protini zinazotengenezwa na seli za granulosa zilizomo ndani yake. Sehemu kubwa ya protini hutoka kwenye damu, na albumini, yenye uzito wa kilodaltoni 66 hivi, ndiyo inayotawala. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi huanza jeli iliyotenganisha protini za ng'ombe kwa uzito, kila protini ikiwa mstari, inapolazwa kando ya ile ya nyati wa kufugwa (si mbogo wa porini wa Afrika, aliye wa jenasi nyingine) na mstari mmoja ukakosekana. Hudaiwa basi kwamba pengo hilo ndilo linaloeleza kwa nini nyati hutoa mayai machache. Dai hilo linaruka sababu iliyo wazi zaidi: akiba ya folikoli changa za mtamba wa nyati hukadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 20,000, ilhali ya ng'ombe huzidi 100,000.

Hata pengo lenyewe ni la kutiliwa shaka. Ili protini itambuliwe, hukatwa na tripsini kwenye lisini na arginini, vipande hivyo (peptidi) vikapimwa uzito, kisha uzito huo ukatafutwa katika hazina ya mifuatano inayojulikana. Serini ikichukua nafasi ya alanini, kipande huongezeka daltoni 16 na hakitambuliki tena. Jenomu ya ng'ombe ilichapishwa mwaka 2009; ya nyati iliyopangwa hadi ngazi ya kromosomu ilitoka 2019. Katika kipindi hicho peptidi za nyati zilisomwa zaidi kwa kipimo cha ng'ombe. Protini zisizobadilika sana zilionekana. Zinazobadilika upesi zilihesabiwa kuwa hazipo.

Huenda ikajibiwa kwamba wanyama hawa wametengana kweli, kwani ng'ombe ana kromosomu 60 na nyati wa mtoni, aina mojawapo ya nyati wa kufugwa, 50. Lakini upungufu huo umetokana na kromosomu kuungana, wala si kupotea kwa jeni.

Sampuli nazo zina lake. Ovari nyingi huokotwa machinjioni, historia ya mnyama haijulikani, na folikoli ya milimita nne huenda imeshaanza kufa. Sindano ikigusa mshipa, majimaji hugeuka waridi na mstari wa himoglobini hujitokeza karibu na kilodaltoni 16; asiye makini atauita tofauti ya spishi.

Tofauti za kiasi huenda zipo, hasa kwa protini za granulosa. Ila orodha za zamani za protini "zisizokuwapo" kwa nyati hazifai kutegemewa hadi zisomwe upya kwa jenomu yake, na kila sampuli ilinganishwe na seramu ya mnyama yuleyule.