Ndizi za bibi na mfumuko wa bei wa 1994

Wiki mbili kimya, lawama zote pelekeni kwa majaribio.

Juzi kwenye lekcha ya takwimu tuliwekewa ukutani grafu ya mfumuko wa bei Tanzania. Mwaka 1994 unasoma zaidi ya asilimia 30. Wenzangu wakanakili, mimi nikakumbuka ugomvi wa nyumbani kwetu Ngara. Bibi, mkulima wa ndizi, husema ile ilikuwa miaka ya neema. Mama mdogo, aliyekuwa mwalimu mjini, hununa: "Neema gani mama? Mshahara ulikuwa unaishia sokoni!"

Habari yenyewe mnaijua. Aprili 28, 1994, Wanyarwanda walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, na kwa makadirio ya wakati ule zaidi ya 200,000 walivuka ndani ya siku moja hivi. Benaco ikageuka mji. Muda si mrefu wakimbizi Ngara wakawa wengi kuliko wenyeji, na Biharamulo nako wakafika. Chakula cha msaada kilikuwa mahindi, maharage na mafuta. Sasa jamani, mtu aliyekulia kwenye ndizi atakula mahindi kila siku? Wakayauza, wakatafuta ndizi.

Mwaka 2010 Jennifer Alix-Garcia na David Saah walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Walikuta vyakula visivyo vya msaada vilipanda bei sana, vya msaada vikapanda kidogo. Kaya za vijijini karibu na kambi zikanufaika, za mijini zikaumia. Ndo hapo! Bei ile ile, kwa bibi ni mapato, kwa mama mdogo ni matumizi. Tena bibi aliongeza shamba, maana wakimbizi walilima kwa ujira mdogo. Vibarua wenyeji walioporomoshewa ujira, hao sijui nani aliwauliza.

Asilimia 30 ile haikutoka Ngara. Ni wastani wa taifa, bei zilikusanywa mijini, na mfumuko wa tarakimu mbili tulikuwa nao tangu miaka ya 1980. Mkungu wa Ngara ungepanda mara tatu, grafu isingetikisika. Siku hizi Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa pia fahirisi ya bei za wazalishaji. Nikafurahi, nikajua bibi yumo. Wapi! Inapima viwanda, migodi, umeme na maji. Mzalishaji wa mkungu hayumo.

Nilinyoosha mkono nikauliza, nikajibiwa kwamba fahirisi haijatengenezwa kwa ajili ya bibi wa mtu. Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka pia, ila kimoyomoyo nilikasirika.

Desemba 1996 wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa kwao, na wateja wa bibi wakaondoka nao. Krismasi hii nitawauliza kila mmoja peke yake, mkungu ulikuwa shilingi ngapi kabla, katikati na baada, nione kama watataja bei moja. Ngoja nikimbie, maji yametoka bwenini.