Kihisi cha Kielektrokemia: Kinachopima Sukari Si Mashine

Mtu mwenye kisukari anayejipima nyumbani husema "mashine yangu ya sukari", akimaanisha kile kidude chenye kioo kinachoandika 5.6 au 14.2. Kumbe sukari haifiki ndani ya kidude hicho hata chembe. Damu huishia kwenye stripu, kile kipande cha plastiki cha kutumia mara moja na kutupa, na hicho ndicho kihisi cha kielektrokemia. Kazi ya mashine ni kusoma umeme unaotoka humo na kuugeuza kuwa tarakimu.

Kihisi ni kitu kinachohisi. Wengine husema "sensa", neno ambalo kwetu tayari lina kazi yake ya kuhesabu watu, kwa hiyo tuliache huko. Kuhusu "kielektrokemia", wapo wanaopendelea "kikemia-umeme". Sina ugomvi nao, ila mwanafunzi ameshakutana na elektroni na elektrodi darasani, na neno hili linaingia moja kwa moja katika ukoo huo. Tena ukitaja umeme mbele ya mgonjwa aliyenyoosha kidole, atauliza kama utamrusha.

Umeme wenyewe ni mdogo mno, wa kupimwa kwa maikroampia. Kwenye stripu kuna elektrodi nyembamba zilizopakwa kimeng'enya kilichokaushwa. Katika baadhi ya stripu ni glukosi oksidasi. Tone la damu likiingia, kimeng'enya huishika glukosi, yaani sukari ya damu, na kuinyang'anya elektroni mbili. Kwa kawaida elektroni hizo huchukuliwa na oksijeni. Mwaka 1962 Leland Clark, Mmarekani aliyekuwa amekwisha kubuni elektrodi ya kupimia oksijeni, alipendekeza pamoja na Champ Lyons kwamba kimeng'enya kiwekwe mbele ya elektrodi hiyo: oksijeni ikipungua, glukosi ipo. Wazo lilikuwa zuri, lakini oksijeni ya damu hupanda na kushuka kwa sababu zake yenyewe. Stripu zilizofuata zikaweka kemikali ya kuzipokea elektroni na kuzifikisha kwenye elektrodi. Kifaa cha mfano wa kalamu kilichoingia sokoni mwaka 1987 kilitumia ferosini kwa kazi hiyo. Vitabu vya Kiingereza huiita kemikali ya namna hii msuluhishi. Mimi ningeiita kichukuzi, maana hakuna ugomvi wowote humo, kuna mzigo wa kubebwa tu. Glukosi ikiwa nyingi, mizigo huwa mingi, na mkondo wa umeme hukua.

Hapo ndipo udhaifu wa kihisi hiki ulipo. Elektrodi haijui elektroni imetoka wapi. Vitamini C nyingi mwilini, na kwa baadhi ya stripu hata parasetamoli, huongeza elektroni zisizo za sukari. Zaidi ya hayo, mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusomewa sukari iliyo juu kuliko ilivyo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 chenyewe hakidai ukamilifu: sukari ikiwa milimoli 5.55 kwa lita au zaidi, asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15 juu au chini ya jibu la maabara. Kwa hiyo 10 ya kweli inaweza kuandikwa 8.5 au 11.5, na stripu isihesabiwe mbovu.

Vile vihisi vinavyobandikwa mkononi kwa siku kadhaa ni vya ukoo huohuo, ila havipimi damu bali majimaji yaliyo kati ya seli, ndiyo maana huchelewa dakika chache nyuma ya damu.

Unyevu na joto huharibu kimeng'enya, basi funga kopo mara tu unapotoa stripu, na usiliweke karibu na jiko. Na ukienda kununua, usivutiwe na bei ya mashine. Kwa kawaida stripu za kampuni moja haziingiliani na mashine ya nyingine. Uliza kwanza stripu zake ni bei gani, na kama duka lililo karibu nawe huwa nazo mwaka mzima.