Baada ya Kidonge cha Mwisho: Kifua Kikuu na Hali ya Maisha Nagongera na Mpakani Busia

Watafiti wa kimataifa wameijua Nagongera kwa sababu ya mbu. Mji huu mdogo wa wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, kwenye njia ya reli itokayo Tororo kuelekea Jinja, ulichunguzwa mwaka 2011 na 2012, ikakadiriwa kwamba mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria takribani mara 310 kwa mwaka. Hesabu hiyo haikubaki kwenye karatasi. Mwishoni mwa 2014 ulianza upuliziaji wa dawa kwenye kuta za nyumba, na malaria ikashuka kwa kiasi ambacho wazee wa huko hawakuwahi kukishuhudia. Jambo lililopimwa kwa makini lilipata wa kulishughulikia.

Kifua kikuu nacho huhesabiwa. Daftari la kliniki lina nafasi ya majibu ya makohozi, uzito, aina ya dawa, na mwishowe hatima ya mgonjwa: amepona, amemaliza dozi, amefariki, ametoweka. Halina nafasi ya kuandika kama mtu amerudi shambani, kama ndugu zake bado wanakula naye, kama anaweza kubeba mtungi wa maji bila kuhema. Hoja ya makala hii ni kwamba hayo yanayoachwa nje ya daftari ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwamba mpango wa tiba usioyapima utaendelea kutangaza ushindi huku waliotibiwa wakiishi na hasara.

Ukubwa wa tatizo haupingiki. Utafiti wa kitaifa wa Uganda wa 2014 na 2015 ulikuta watu wazima 401 katika kila 100,000 wakiwa na kifua kikuu kilichothibitishwa maabara. Ule wa Kenya, uliokamilika 2016, ulikuta 558. Takwimu zote mbili zilizidi makadirio yaliyokuwepo, na katika nchi zote mbili wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Kwa eneo la Tororo na Busia yapo pia mambo ya mahali: madereva wa malori wanaolala Malaba na Busia wakisubiri kuvuka mpaka wa Uganda na Kenya, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tiira wanaosaga mawe na kuvuta vumbi linaloharibu mapafu, na Virusi vya UKIMWI, ambavyo kwa miongo mitatu vimekuwa mlango mkubwa wa kifua kikuu. Mlango huo umeanza kufungwa. Utafiti wa SEARCH, uliofanywa katika jamii 32 za vijijini nchini Uganda na Kenya, zikiwemo za mashariki mwa Uganda, ulionyesha kwamba pale ambapo kila aliyekutwa na virusi alianzishiwa dawa mapema na kuhudumiwa kwa ukarimu, kifua kikuu kinachoambatana na UKIMWI kilipungua kwa zaidi ya nusu.

Mateso huanza kabla ya tiba. Katika nchi ya malaria, homa ya jioni na jasho la usiku vina jina tayari. Mtu hununua dawa ya malaria dukani, hupata nafuu ya siku chache, kisha hurudia. Kikohozi hupewa sababu zake: vumbi, moshi wa jikoni, baridi ya asubuhi. Wiki zinapita, mwili unakonda, majirani wanaanza kunong'ona kuhusu UKIMWI. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwaka 2010, hutoa jibu kwa takribani saa mbili. Lakini saa hizo huanza kuhesabiwa makohozi yakishafika kwenye mashine. Mgonjwa anapofika hapo, wengi wamekwisha kumzika moyoni, na pengine amekwisha kuuza kuku na mbuzi wake.

Halafu yanakuja matibabu. Ni haki ya Waafrika Mashariki kujua kwamba tiba ya miezi sita inayotumika duniani kote ina mizizi yake hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, waliwatibu wagonjwa wao kwa majaribio yaliyothibitisha kwamba rifampisini ingeweza kufupisha tiba iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu. Wagonjwa wale wa hospitali zetu ndio walioupa ulimwengu ushahidi huo. Hata hivyo dawa hiyo ilikuwa ghali, na kwa miaka mingi wagonjwa wa nchi hizi waliendelea kupewa dawa za bei nafuu, ikiwemo thiasetazoni, hadi ilipobainika Nairobi, katika utafiti uliochapishwa 1991, kwamba iliwababua ngozi vibaya na hata kuwaua baadhi ya wagonjwa wenye virusi. Uganda iliendelea na tiba ya miezi minane hadi karibu na 2010.

Miezi sita si muda mfupi kwa mtu anayemeza vidonge vitatu au vinne kila siku, kulingana na uzito wake. Mkojo unakuwa wa rangi ya machungwa, na asiyeonywa mapema hudhani ini limekufa. Pirazinamidi huleta maumivu ya viungo, isoniazidi huweza kuleta ganzi na moto kwenye nyayo, ethambutoli huweza kudhoofisha macho. Mengi kati ya hayo yana dawa au tahadhari yake, kwa mfano vitamini B6 kwa ganzi. Kinachoumiza ni kwamba mgonjwa asiyeulizwa hasemi. Anajua muuguzi anataka kusikia kwamba dawa zinamezwa, basi anasema zinamezwa. Siku anapoziacha, anaandikwa ametoweka, na sababu inabaki miguuni mwake.

Kero kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni njaa. Dawa zikianza kufanya kazi hamu ya kula hurudi kwa nguvu, na humkuta mtu ambaye hajalima msimu mzima. Ugali wa muhogo na wimbi hujaza tumbo lakini haumrudishii nyama za mwili haraka. Maharagwe, mayai na dagaa vinataka fedha. Wapo wanaomeza vidonge kwa uji mtupu, wakatapika, wakaogopa kidonge cha kesho. Hili si suala la huruma tu. Mwaka 2023 utafiti uliofanyika Jharkhand nchini India, uliopewa jina la RATIONS, ulionyesha kwamba kuwapa chakula jamaa wa mgonjwa walioishi naye kulipunguza kesi mpya za kifua kikuu ndani ya nyumba hizo kwa asilimia 39, na uliwakuta wagonjwa walioongezeka uzito miezi miwili ya mwanzo wakiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Tangu 2018 serikali ya India humwekea kila mgonjwa fedha za chakula. Chakula ni sehemu ya tiba, na sioni kwa nini kisiandikwe kwenye bajeti karibu na rifampisini.

Husemwa kwamba matibabu ni bure. Vipimo na dawa ni bure kweli, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini uchunguzi wa gharama uliofanywa Uganda mwaka 2017 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya kaya zenye mgonjwa, takribani asilimia 53, zilipoteza kiasi kinachozidi sehemu ya tano ya mapato yao ya mwaka. Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa zaidi ya robo ya kaya, na kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu ilizidi asilimia 80. Nauli ya bodaboda, vibarua vilivyokosekana, mtoto aliyetolewa shule ili amsaidie mama: hizo ndizo gharama. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeweka lengo kwamba ifikapo 2020 pasiwe na kaya hata moja inayofilisika kwa kifua kikuu. Mwaka huo umepita.

Nije kwenye heshima ya mtu miongoni mwa watu. Kwa Wapadhola na Wateso, chungu cha pombe ya wimbi, ajono kwa Wateso, ndipo wanaume na wanawake hukaa wakazungumza mambo ya ukoo, wakapatana, wakafanya mipango ya kulima. Kila mmoja na mrija wake mrefu, chungu kimoja. Habari za kikohozi zikienea, mrija wa mgonjwa huondolewa. Nyumbani sahani yake hutengwa, kikombe chake huwekwa alama. Yote haya hufanywa kwa nia ya kujikinga, na hayakingi. Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani, hawakai kwenye mrija wala sahani. Hatari ilikuwa kwenye chumba kilichofungwa madirisha ambamo watu walikohoa pamoja kwa saa nyingi, na ilikuwepo zaidi kabla mgonjwa hajaanza dawa. Baada ya wiki chache za tiba inayofaa, wagonjwa wengi hawaambukizi tena. Adhabu ya kutengwa hudumu muda mrefu kuliko hatari yenyewe, na hakuna kidonge kinachoiondoa. Muuguzi akienda kijijini akaeleza jambo hili moja mbele ya wanywaji, mlango ukiwa wazi, atakuwa ameponya kitu ambacho maabara haiwezi kukigusa.

Upweke huo huzaa sonona. Nchini Ethiopia, uchunguzi wa wagonjwa wapya wa kifua kikuu ulikuta zaidi ya nusu wakiwa na dalili zake, na ukaonyesha kwamba sonona isiyotibiwa ilihusiana na vifo na kuacha dawa. Sina sababu ya kuamini kwamba watu wa mpakani kwetu wana mioyo migumu zaidi.

Mpaka wenyewe una lawama yake. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Mtu hulala Uganda akauza nguo Kenya, au huolewa ng'ambo na kurudi kwao akiugua ili mama amtunze. Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kimerahisisha kupita kwa malori, na shehena ya saruji ina karatasi zinazotambulika pande zote. Mgonjwa hana. Akihama katikati ya dozi anaweza kuhesabiwa ametoweka upande mmoja na kuandikwa upya upande wa pili, akaulizwa maswali yaleyale, pengine akaitwa mtoro, ingawa dawa ni zilezile. Barua moja ya uhamisho yenye sahihi inayotambuliwa na kliniki za Tororo, za Busia zote mbili na ya Alupe upande wa Kenya ingewaondolea watu fedheha hiyo.

Neno mtoro lina historia chungu. Mwaka 2010, Kapsabet nchini Kenya, wagonjwa wawili walifungwa gerezani kwa siku 46 kwa sababu ya kuacha dawa. Tarehe 24 Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kumtia mgonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu ni kinyume cha katiba. Alikuwa sahihi, na si kwa sheria peke yake: seli iliyojaa watu ni mahali pa kueneza kifua kikuu.

Je, hali ya maisha inapimika? Inapimika. Dodoso la SF-36 lilithibitishwa kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam mwaka 1999. Mwaka 2010 Harriet Babikako na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Kampala waliohojiwa mwanzoni, katikati na mwishoni mwa tiba, na vipimo vya hali ya maisha vilitofautisha vizuri hatua za nafuu. Upungufu wa SF-36 kwa mahali kama Nagongera ni kwamba maswali ya kupanda ngazi na kutembea mitaa kadhaa yaliandikwa kwa ajili ya watu wa miji ya mbali. Hapa maswali yawe ya hapa: unalima mistari mingapi kabla ya kupumzika, unaendesha baiskeli hadi sokoni, nani alikutembelea wiki hii, jana ulikula mara ngapi. Yaulizwe siku ya kwanza, mwezi wa pili, siku ya mwisho.

Na yaulizwe tena mwaka mmoja baadaye, maana huko ndiko kuna giza zaidi. Huko Blantyre, Malawi, watu wazima 405 walipimwa walipomaliza tiba: zaidi ya theluthi walikuwa na upumuaji usio wa kawaida, na sita kati ya kumi bado walikuwa na dalili za kifua. Hao wote kwenye daftari walikuwa wamefaulu. Mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa walitoa viwango vya kuwahudumia watu wenye mapafu yaliyoachwa na makovu ya kifua kikuu: wapimwe dozi inapoisha, wafundishwe mazoezi ya kupumua, wasaidiwe kuacha sigara.

Najua wauguzi wataniambia kwamba kazi imewazidi, na kwamba tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025 hata wahudumu wa vijijini waliokuwa wakilipwa posho wamepungua. Ni kweli, na ndiyo sababu ninaomba maswali manne tu badala ya dodoso la kurasa tano. Asiyeulizwa huongeza kazi vilevile. Mtu aliyepona bakteria lakini akabaki na makovu hurudi kliniki akikohoa, na mara nyingi, bila makohozi yake kuonyesha chochote, huanzishiwa upya dawa zilezile za miezi sita: vidonge vilevile, nauli ileile, mrija uleule kuondolewa chunguni, kwa ugonjwa ambao hana tena.