Bibi Titi Mohamed: Mwimbaji wa Ngoma Aliyekusanya Wanawake

Sisi wa Kibaoni, Ifakara, tukisikia kikundi cha ngoma cha akina mama tunafikiria harusi na vigelegele. Dar es Salaam ya 1955, vikundi hivyo viliijaza TANU wanachama.

Bibi Titi, mtoto wa Kiislamu aliyezaliwa 1926 na kuozwa akiwa mdogo, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Alipopewa kuongoza wanawake wa TANU hakuanza na wasomi. Aliwaendea viongozi wa ngoma, na kila mmoja akaja na watu wake. Katika miezi michache walijiandikisha wanawake wapatao 5,000. Wanaume walishangaa, kana kwamba sisi hatujui kuchangishana na kuitana!

Uhuru ulipatikana 1961. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa na nyumba zake, akajiuzulu. Wapo waliomwita mpenda mali. Sisi tunasema mali ya mwanamke ni yake, na dini imempa haki hiyo. Bibi harusi, usione haya kuuliza hati imeandikwa jina la nani.

Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na 1972 Mwalimu Nyerere akamsamehe. Alitoka akiwa ameshapewa talaka, na marafiki wengi wakimkwepa. Aliishi kimya miaka mingi, akafariki Novemba 2000. Barabara ipitayo Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, inaitwa kwa jina lake.