Kafuro: Makazi ya Wageni Kando ya Ikulu ya Karagwe

Kafuro kilikuwa kijiji cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili katika ufalme wa Karagwe, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Bweranyange, makao ya Omukama, yaani mtawala wa ufalme huo. Kilishamiri katikati ya karne ya 19. Wakazi wake walijenga nyumba, wakafuga ng'ombe na kuhifadhi bidhaa, lakini ardhi waliyokaa haikuwa yao. Historia yake inaonyesha jinsi mgeni alivyopata mahali pa kuishi karibu na mji mkuu katika eneo ambalo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.

Kijiji hicho kilizaliwa na biashara ya misafara. Njia kuu ilitoka pwani hadi Tabora, ikapita Unyamwezi na Uzinza, kisha ikaingia Karagwe kabla ya kuelekea Buganda. Mmoja wa Waarabu wa kwanza kufika Buganda, Ahmed bin Ibrahim, alifika huko mwaka 1844, na baadaye akafanya makazi Karagwe. Wafanyabiashara walileta nguo, shanga na waya wa shaba. Walichotaka hasa ni pembe za ndovu na watumwa. Safari ya kurudi pwani ilichukua miezi mingi, kwa hiyo mtu aliyekusanya pembe kwa msimu zaidi ya mmoja alihitaji ghala, chakula cha uhakika na usalama.

Vyote hivyo vilitoka kwa Omukama. Katika ufalme huo uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda, mtawala ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa ardhi. Mnyambo, yaani mwenyeji wa Karagwe, alikaa kwenye kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kwa kutambuliwa na ukoo wake na wakuu wa eneo. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtambulisha. Hakuweza kununua kibanja. Alionyeshwa mahali pa kukaa, na akabaki hapo maadamu mtawala ameridhika naye.

Utaratibu huo unaonekana wazi katika taarifa za mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Karagwe Novemba 1861 pamoja na mwenzake James Augustus Grant. Kabla hawajafika Bweranyange, Omukama Rumanyika alituma watu kuwauliza wangependa kukaa wapi: ndani ya ikulu, nje yake, au kwenye kituo cha Waarabu upande wa Kafuro. Speke alichagua kukaa nje ya ikulu, mahali palipotazama ziwa dogo lililokuwa chini ya mlima. Swali hilo linaonyesha kwamba kufikia wakati huo makazi ya wageni yalikuwa na sehemu yake inayojulikana.

Jambo lingine aliloliona Speke lilikuwa gharama. Katika nchi za Uzinza alizopitia, watawala walimtoza hongo nzito, yaani ushuru wa njia, na kumchelewesha kwa wiki nyingi. Alipovuka mpaka wa Karagwe aliambiwa kwamba wageni hawatozwi, na wakuu wa vijiji wakampa chakula kwa amri ya Omukama. Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na upande wa pili. Mgeni alitarajiwa kupeleka zawadi ikulu na kuleta habari za nchi za mbali. Wengine walitoa zaidi ya hapo: kwa simulizi alizozikusanya Speke, Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyeishi Tabora, alimsaidia Rumanyika kumshinda ndugu yake aliyegombea naye kiti baada ya kifo cha baba yao, Ndagara. Hakuna kodi iliyopangwa kwa mwezi wala kwa mwaka, lakini ukaazi wa mgeni ulilipiwa kwa zawadi na utii.

Mvumbuzi mwingine, Henry Morton Stanley, alifika Kafuro mwaka 1876 na kupokewa na mfanyabiashara tajiri anayemwita Hamed Ibrahim. Aliona kijiji kilichojificha ndani ya bonde refu lililozungukwa na milima, na kijito cha maji safi chini yake. Mwenyeji wake alikuwa na nyumba ya starehe, ng'ombe wengi, akiba ya pembe na watumwa. Utajiri wa Kafuro ulitegemea kazi ya watu hao wasio na hiari ya kukaa wala kuondoka.

Kijiji kilififia haraka. Biashara ya Buganda ilihamia Ziwa Victoria, ambako mitumbwi ilisafirisha mizigo moja kwa moja. Baada ya kifo cha Rumanyika, ugomvi wa kurithi kiti ulidhoofisha ufalme, na miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe. Wajerumani nao waliweka kituo chao Bukoba, ufukweni mwa ziwa hilo, mwaka 1890, na kitovu cha utawala wa eneo kikahamia huko.

Wakati wa ukoloni, suala la kukaa kwenye ardhi ya mwingine lilichukua sura nyingine. Huko Buhaya, nchi jirani ya Wahaya kuzunguka Bukoba, mfumo wa nyarubanja ulimpa mtu mkubwa haki juu ya vibanja vya wengine, nao wakaazi wakamlipa kodi au mazao. Karagwe, iliyokuwa na watu wachache na nyika pana, ilipokea wahamiaji kutoka Bukoba, Kigezi na Rwanda, na machimbo ya bati ya Kyerwa yalivuta vibarua. Baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na sheria za mwaka 1965 na 1968 ziliwapa wakaazi wa nyarubanja ardhi waliyoilima.

Leo suala la kukaa kwenye mali ya mwingine linaonekana zaidi katika upangaji wa nyumba mijini. Vitovu vya eneo ni Kayanga na Omurushaka upande wa Karagwe, na Nkwenda, Rubwera na Murongo upande wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara na waendesha bodaboda hupanga vyumba kando ya barabara au fremu za maduka karibu na soko. Kama ilivyo kwingi nchini, mwenye nyumba mara nyingi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo, na makubaliano mengi hufanyika kwa mdomo.

Makubaliano ya mdomo ndiyo yanayoleta ugomvi kodi inapopanda au mpangaji anapotakiwa kuhama ghafla. Mgogoro ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, asiye na karatasi hupata taabu kuthibitisha alichokubaliana. Kwa hiyo mpangaji na mwenye nyumba waandike mkataba unaotaja kiasi cha kodi, muda wake na muda wa kutoa taarifa ya kuhama, kila mmoja abaki na nakala yake, na kila malipo yawe na stakabadhi.